Punje Aliyoipasua Ngiri

Mwaka mmoja jua liliwaunguzia wanyama mtama wao wote, likabaki shina moja tu la kijani, fupi, shuke lake dogo kama kidole. Shina hilo lilikuwa la ndege Kwale, bingwa wa kuweka akiba. Njaa ilimuuma, lakini shuke lile hakulila. Alilitundika juu ya moshi wa jiko mpaka msimu wa kupanda.

Jirani yake Ngiri, mjuaji wa kila kitu, alicheka. "Jirani, mbegu huchaguliwa kwenye shuke nono. Hiyo ina nini?"

"Sijui. Najua tu kwamba mama yake hakuliogopa jua."

Ngiri akaipasua punje moja kwa jino lake, akachungulia ndani. "Unga mtupu, kama wa mbegu zangu za ghalani!"

Kwale akazipanda punje zilizobaki, na msimu huo mvua ikanyesha vizuri. Mtama wa Kwale ukaota kama wa wengine, tena mfupi. Ngiri akacheka mpaka akachoka. Kwale akatunza mbegu tena.

Mwaka uliofuata mvua ilikatika mapema. Mtama wa Ngiri ulikunja majani, ukakauka umesimama. Asubuhi moja akaenda kwa Kwale, akakuta shamba zima la kijani, wajukuu watupu wa lile shina moja lililokwisha kuoza.

"Jirani," alinong'ona, "uliificha wapi siri hii? Mimi niliipasua mbegu, sikuona kitu."

"Sikuificha mimi. Niliikuta humo."

Ngiri hupiga magoti anapokula tu. Siku ile alipiga magoti katikati ya mtama, wala hakula.