Salamu ya Katapila

Nyangasa alisimama nje ya uzio wa waya wa eneo la ujenzi, mto wake wa kukalia ukiwa kwapani. Wiki nzima iliyopita aliliendesha katapila lile huku kamera zikimtazama, ili lijifunze kazi. Leo lilikuwa likichimba lenyewe, kiti kitupu.

"Kunywa chai, kaka, usijitese," alisema Bi Tunu, muuza chai wa pale.

"Nimelifundisha mwenyewe, dada," akajibu kwa sauti iliyochoka.

Katapila likamwaga udongo, likageukia upande wao, likainamisha mkono wake mara mbili. Ndivyo Nyangasa alivyokuwa akimsalimu Bi Tunu kila asubuhi.

Bi Tunu akainua birika kuitikia, kama kawaida yake. Kisha akamkumbuka mtu aliyesimama ubavuni pake, na birika likabaki hewani, chai ikidondoka mchangani.