Ngumi za Saa Tisa

Fundi Hiza alikisifia king'amuzi kipya kama mshenga aliyekuja kuposa.

"Cha jirani yako, bibi, wingu likipita tu kinagoma. Kile cha sokoni picha zinaganda. Hiki kina chaneli mia na ishirini!"

"Na macho yangu mawili haya, baba? Labda uniazime yako."

Hiza akacheka. Bi Mwajabu alikuwa akiitazama saa ya ukutani, iliyokaribia tisa alasiri.

King'amuzi cha zamani, kilichoungua juzi, alikitegesha marehemu mumewe: kila siku saa tisa kamili kilihamia chenyewe kwenye chaneli ya ngumi. Kilimkatia bibi tamthilia yake pale pale penye utamu, na miaka sita waligombana mpaka majirani wakazoea. Mzee Chande akazikwa, lakini ngumi zake hazikukosa hata siku moja. Bibi alimtukana vilevile, kwa sauti, kisha akazitazama hadi mwisho.

"Hiki nacho kinahama chenyewe?"

"Hata kidogo, bibi! Ila ukitaka, nakitegesha sasa hivi."

"Ukitegesha wewe, nitamtukana nani?"

Hiza akakusanya bisibisi zake, akaaga.

Saa tisa ikafika. Kwenye tamthilia bwana harusi alikuwa ndiyo kwanza anafumaniwa, na hakuna aliyemkatiza. Bi Mwajabu akaichukua rimoti, akaiweka taratibu kwenye kiti cha mzee, akasubiri.