Maswali Kumi na Saba

Makini aliukanyaga mguu wa mama chini ya meza, mara moja. Maana yake: punguza maneno. Ilibidi ajisogeze mpaka ukingoni mwa kiti ndipo aufikie.

Mama akanyamaza katikati ya sentensi. Afadhali, maana alishaanza kuomba radhi, na mama akianza kuomba radhi hajui pa kukomea.

"Endelea tu," msuluhishi alisema. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. "Hiki ni kikao cha kabla ya kesi. Jaji hayupo. Tunatafuta tunachoweza kukubaliana, ili Alhamisi tusipotezeane muda."

Maneno matamu, ila Makini hakudanganyika. Alhamisi jaji angesoma karatasi itakayotoka kwenye chumba hiki, na karatasi hiyo ndiyo ingeamua kama Kibogoyo atarudi nyumbani au atabaki kwenye makao ya watoto.

Watoto wa yule mama walikuwa wawili. Kibogoyo ndiye mdogo, miaka sita, meno mawili ya mbele hayapo. Alichukuliwa mchana mmoja pumu ilipombana na mama yuko sakafuni, chupa pembeni, haamki. Jirani ndiye aliyepiga simu. Wa kwanza aliachwa nyumbani kwa muda, mpaka kesi isikilizwe.

Asubuhi mlinzi wa getini alimuuliza Makini, "Uko na nani?"

"Huyu yuko na mimi," alijibu, akamsukuma mama mbele.

Alikuwa ameomba ruhusa ya siku nzima. Wakili aliyepangiwa mama alikuwa kwenye kesi nyingine, katuma salamu. Kwa hiyo mzigo wote ulimwangukia Makini, na wala hakuulalamikia. Chupa zilizobaki alizimwaga yeye. Wiki tatu alimfundisha mama majibu pale jikoni, maswali kumi na saba, mama akikosea moja wanaanza upya. Kila kitu alikiandika kwenye daftari kwa mwandiko ulionyooka: dawa saa ngapi, zahanati ipi, nani atampokea mtoto akitoka shule. Kikaoni alipoletewa juisi aliisogeza pembeni. Hakuja kunywa.

Afisa ustawi wa jamii, bwana mmoja mwenye tai iliyombana shingo, alifungua jalada. "Mtoto akibanwa na pumu tena, utafanya nini?"

Swali la nne.

"Namkalisha wima," mama alisema. "Simlazi. Nampulizia dawa yake, halafu nasubiri..." Akasita.

Makini alikohoa kidogo, akatandaza vidole vinne juu ya daftari.

"Nasubiri dakika nne. Asipopata nafuu narudia, huku napiga simu hospitali."

Afisa aliandika. Makini akashusha pumzi.

Likaja la tisa, la kumi na moja, la kumi na nne. Mama alijikaza kisabuni. Miezi mitatu bila tone, alisema, na alisema kweli. Cheti cha zahanati Makini alikisukuma mezani kabla hakijaombwa. Wakati ule alimpenda mama sana.

"Umejiandaa vizuri," afisa alisema, akamtazama msuluhishi. "Kwa upande wangu, mtoto huyu anaweza kurudi nyumbani."

Mama alimshika Makini mkono. "Umesikia, mama?" alinong'ona. "Umesikia?"

"Bado," Makini alijibu kwa sauti ya chini. "Usicheke bado."

Msuluhishi alikuwa hajaandika kitu kwa muda mrefu. Alivaa miwani, akalitazama lile daftari, akamtazama mama.

"Huyo mdogo nimemwelewa," alisema. "Anakula nini, anaogopa nini, analala saa ngapi. Sasa nipe habari za wa kwanza."

Mama alilitupia jicho daftari.

"Chochote tu. Anapenda nini? Anacheza na nani? Akiumwa humwambia nani?"

Mama akamgeukia Makini, kama alivyogeuka kwa kila swali gumu tangu wakae pale. Makini alifungua daftari. Alianza ukurasa wa kwanza, akarukia wa kumi, akaenda wa mwisho, akarudi tena. Jasho lilimtoka. Kurasa ishirini na mbili, na hapakuwa na mstari hata mmoja uliomhusu mtoto yule. Alikuwa amemsahau kabisa! Kosa la kijinga kiasi hiki lilimpitaje, mtu anayekagua kila kitu mara mbili?

"Ni mzima," alisema harakaharaka. "Huyo hana shida. Hasumbui mtu, anajipikia, shuleni anaenda. Mnaweza kuandika hivyo."

Afisa aliinua kalamu. Msuluhishi akamzuia kwa kiganja.

"Nilimuuliza mama," alisema, bila ukali.

Mama alikuwa ameshaanza kulia, kimyakimya. Makini aliutafuta mguu wake chini ya meza, akaukanyaga mara moja, halafu tena, halafu tena. Haikusaidia.

Msuluhishi alisimama, akaizunguka meza, akachutama kando ya kiti cha Makini mpaka macho yao yakalingana.

"Mwanangu," alisema, "una miaka kumi tu. Wewe nani anakulea?"