Pasi ya Nyumbani

Theluji mpya ilikuwa imeanguka. Mwinshehe alizipaka nta mbao zake za kutelezea thelujini, akiiyeyusha kwa pasi ya nyumbani huku kompyuta ikijaribu programu aliyoiandika. Alipomaliza ubao mmoja, akaenda kusoma majibu.

Mkewe Saumu, aliyekuwa na usaili wa kazi asubuhi hiyo, akaichukua pasi ileile. Blauzi yake nyeupe ikabaki na doa kifuani.

"Baba Nasra! Nini hii?"

"Nta. Kosa langu, sikuifuta pasi."

"Kosa lako, kifua changu! Nikakae mbele ya wale watu nimekumbatia mkoba?"

"Usiisugue. Iliingia kwa moto, itatoka kwa moto."

Mwinshehe akatandika karatasi ya kaki juu ya doa, akapitisha pasi polepole. Karatasi ikanyonya nta, akaweka nyingine. Kompyuta ikalia: programu imekwama, wenzake wa kazini wanamtaka.

"Wanakuita," Saumu alisema.

"Nasikia." Hakugeuka.

Saumu aliivaa blauzi ingali na joto, akafunga koti hadi shingoni, akatoka. Kutoka dirishani Mwinshehe alimwona akisimama barabarani, akifungua kifungo cha juu cha koti, kisha cha pili, akaendelea na njia koti likiwa wazi.