Nywele za Tunu

Sheria ilitaka mtoto wa wazazi walioachana afutwe kumbukumbu za nyumba anayotoka, asije akabeba ugomvi wa huku kwenda kule. Jumapili hiyo Tunu alirudi kutoka kwa baba yake, Shaibu, kichwa kimesukwa twende kilioni, mistari imenyooka. Mama yake, Mwanahawa, aliyekuwa hoi kwa kazi, akaduwaa. Shaibu huyu huyu aliyeshindwa hata kumchana mtoto?

Tunu akajitazama kwenye kioo. “Mama, umenisuka vizuri! Wala hukuniumiza.”

Kusimulia ya kwa baba kulikatazwa.

“Asante, mwanangu,” Mwanahawa akajibu, akiona haya.

Kisha akalikumbuka gauni alilomshonea kwa mkono, ambalo Tunu alikwenda nalo kwa baba. Kule, mtoto alikuwa amemshukuru nani?