Kayamba la Hawe Sidi

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba nyumbani kwetu hakuna mbegu ya zamani hata punje. Kila kaya hupewa mbegu bora za Shirika. Zinazaa ajabu, sikatai, ila mavuno yake ukiyapanda hayaoti. Ukikutwa na mbegu yako mwenyewe, inachomwa.

Kabla ya mvua, roboti mkaguzi aliingia jikoni. Bibi yangu, Hawe Sidi, alikuwa amebakiwa na mtama wa mbegu wa mamake tu. Mimi, bingwa wa kuficha mandazi bwenini, nilikuwa nimeshautia ndani ya kayamba lake, mahali pa kokoto. Sheria inakataza kupasua ala za ngoma.

"Hiki nini?" roboti aliuliza.

"Utamaduni, mheshimiwa. Simama wima," nilijibu.

Hawe akalitikisa, chaka chaka, akaimba. Roboti alisimama wima mpaka mwisho, akashukuru.

"We Kadzo, utanifungisha!" Hawe alisema huku akicheka.

Mvua ilipokuja tukalifungua, tukapanda. Kutia kokoto tukasahau.

Leo roboti amerudi. "Naomba ule wimbo."

Hawe alilitikisa kwa nguvu zote. Kimya. Dirishani, nyuma ya roboti, mtama umefika magotini.

Hawe akaimba kwa sauti kubwa zaidi. Nami nikapiga makofi.