Kipande Kilichobaki

Kimebaki tena.

Kilikuwa chini kabisa ndani ya beseni, peke yake, kimetulia kama mgeni asiyejua kuaga. Pete nene ya chuma, yenye jino moja ubavuni. Na ekseli ya nyuma ilikuwa imeshafungwa, bolti zote kumi na mbili zimekazwa, kwa mara ya tatu tangu asubuhi.

"Labda ni cha ziada," kaka yake Nati alisema kutoka mlangoni. Kaka alikuwa kinyozi, na kwa kinyozi kitu kikibaki sakafuni ndiyo dalili kwamba kazi imefanyika.

"Trekta halina cha ziada, kaka."

"Basi nilete ufagio?"

Nati hakucheka. Nati ndilo jina walilompa pale karakanani tangu akiwa msichana mdogo wa kuokota nati zilizoanguka, na siku nyingine lilimfurahisha. Leo aliona kama wanamsimanga.

Saa sita ilikuwa imepita. Saa nane mama angemleta baba kutoka hospitali, na nyonga yake mpya. Watoto walimjua baba yao: kabla hajavua viatu angepanda trekta lake dogo la kukatia nyasi, azungushe uwanja mara moja, ndipo ajue amefika nyumbani. Kama pete ile ndiyo inayoshikilia gia, ekseli ingekamata ghafla na mzee angerushwa kama gunia. Daktari alishasema, huyu akianguka tena, hasimami.

Hiyo ilikuwa hofu ya kwanza. Ya pili Nati aliimeza bila maji.

Miaka tisa alikuwa fundi chini ya baba yake. Alifungua kila kilichoingia karakanani, pampu, jenereta, hata malori. Trekta la mzee tu ndilo halikuguswa. "Siku utakayofungua ekseli ile," mzee alimwambia mara moja, na hakuwa mtu wa kurudia, "katafute karakana yako." Ekseli ile aliijenga upya kwa mikono yake kabla Nati hajazaliwa. Mafundi wa mji mzima walikuwa wakija kuiangalia kwa nje tu, kama watu wanaoonyeshwa bibi harusi.

Lakini mwezi mzima trekta lilikuwa likivuja oili na kulia kama mbuzi aliyeachwa. Mzee alipolazwa, Nati akasema moyoni: atarudi alikute limepona. Beringi mpya, sili mpya, mshangao mtupu.

Ndipo akafanya kosa ambalo asingemsamehe mwanagenzi yeyote. Badala ya kutoa kipande kimoja kimoja na kuvipanga mezani kwa mfuatano, aliinamisha boksi la gia na kumimina kila kitu, oili nzito na vyuma, ndani ya beseni moja la dizeli. Vitaoga pamoja, alijiambia. Viliingia vimejuana, vikatoka havisalimiani.

Kitabu cha trekta kilikuwepo. Ukurasa wa mchoro wa ekseli haukuwepo.

"Panya," alisema Nati.

Kaka alipitisha kidole pale ulipokatwa. "Panya huyu alitumia rula."

Akafungua mara ya nne. Safari hii kaka alishika tochi, na utani ulikuwa umemwisha. Nati aliijaribu pete nyuma ya gia kubwa, ikakataa. Mbele ya gia ndogo, ikakamata. Kwenye shafti, ikapwaya. Jasho lilimwingia machoni, akalifuta kwa mkono wa grisi, akawa haoni kabisa. Bila pete, gurudumu lilizunguka laini kama maji, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Chuma hudanganya kwanza, huua baadaye.

"Dada, gari hilo getini."

Alikaza bolti ya mwisho. Pete akaificha kiganjani.

Mzee alikuja moja kwa moja karakanani juu ya magongo yake, mama nyuma yake na mfuko wa dawa, akimlaumu kwa kila hatua.

"Baba, karibu kwanza chai," kaka alijaribu.

"Chai ina magurudumu?"

Mzee alishika usukani. Akanusa. "Mbona linanuka dizeli?" Hakungoja jibu. Akampa mama gongo moja, akainua mguu.

Nati angeweza kunyamaza. Gurudumu lilizunguka vizuri, huenda lingezunguka vizuri leo, na kesho pia. Karakana ingebaki yake.

"Baba, usipande."

Mguu ukasimama hewani.

"Nimeifungua ekseli. Mara nne. Na kuna kipande kimebaki, sijui kinakaa wapi." Alifungua kiganja. "Nitaondoka, baba. Vifaa nitaviacha vyote, leo hii. Lakini nakuomba, usiliwashe."

Kaka aliangalia dari. Mama alishika mdomo.

Mzee aliichukua pete. Akaigeuza, akalitafuta lile jino kwa dole gumba, na uso ukampauka kuliko alivyotoka hospitali. Kisha akamtuma mama akabandike maji, akamtuma kaka akafunge geti. Alingoja mpaka nyayo zao zikaisha. Akaegemea gongo, akamvuta Nati karibu, mdomo sikioni.

"Mwanangu," alinong'ona, "hata mimi kilinibaki. Nikakitumbukiza humo humo, nikafunga, na hata mama yako hajui."